Skrini ya Gari la Umeme Ikiganda: Jinsi ya Kuifufua na Kukijua Chanzo

Skrini ya katikati ikiganda kwenye gari la umeme, dereva hushtuka kuliko vile hali yenyewe ilivyo, kwa sababu karibu kila kitu kimewekwa hapo: spidi, kiyoyozi, kamera ya nyuma, ramani, wakati mwingine hata gia. Wengi huanza kubonyeza kila kona kwa pupa. Wengine hukimbilia boneti na kuchomoa betri. Njia zote mbili huharibu ushahidi, na ya pili inaweza kukuachia matatizo mapya juu ya lile la zamani.

Ninachosisitiza hapa ni hiki: soma dalili kwanza, anza na hatua nyepesi, na tatizo likijirudia, usiendelee kuilaumu skrini kabla hujaipima betri ndogo ya volti 12. Hatua zifuatazo zimepangwa kuanzia isiyo na madhara yoyote hadi ile inayohitaji mkono wa fundi. Usiruke.

Ikiwa gari linatembea

Iache skrini. Breki, usukani na mota za gari zinaendeshwa na kompyuta zake zenyewe, na kompyuta hizo haziisubiri skrini iziambie la kufanya. Gari litaendelea kwenda, litakata kona na litasimama kama kawaida hata kioo kikiwa cheusi kabisa.

Utakachopoteza kinategemea aina ya gari. Tesla Model 3, Model Y na Volvo EX30 hazina paneli ya vipimo mbele ya dereva, kwa hiyo skrini ikifa, spidi nayo haionekani. Fuata mwendo wa magari yaliyo karibu nawe, ongeza nafasi mbele yako, na kama una abiria, mwambie afungue ramani kwenye simu akusomee spidi. Mlio wa indiketa unaweza kupotea huku taa zenyewe zikiendelea kuwaka. Hewa ya kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele huenda usiweze kuiwasha, na hilo ndilo hunitia wasiwasi zaidi wakati wa mvua: kioo kikianza kufunga ukungu, teremsha madirisha kidogo na utafute mahali pa kusimama mapema, kabla hujapoteza uwezo wa kuona.

Kitufe cha taa za hatari karibu kila gari ni kitufe halisi, si picha ya kwenye kioo. Kijue kilipo leo, kabla hujakihitaji. Vivyo hivyo gia: Model S na Model X za Tesla zilizotengenezwa kuanzia 2021 hubadilisha gia kwenye skrini, lakini zimewekewa vitufe vya akiba. Mmiliki wa gari la namna hiyo anapaswa kuvijua vitufe hivyo kwa kuvipapasa, bila kutazama.

Ukishapata mahali salama, simama, weka gia ya kuegesha, ndipo uanze kazi.

Hatua ya kwanza: tazama bila kugusa

Neno "imeganda" hufunika matatizo manne au matano yasiyofanana. Dakika moja ya kutazama itakuokolea saa nyingi baadaye.

Angalia saa iliyo kwenye kona ya skrini. Ikiwa dakika hazisogei, picha imeganda kweli: kompyuta ya skrini imekwama. Ikiwa saa inaenda na ramani inasogea, lakini kidole chako hakipati jibu, kompyuta ni nzima na tatizo liko kwenye tabaka la kugusa. Thibitisha kwa kutumia vitufe vya usukani: ongeza sauti, badilisha stesheni, toa amri kwa mdomo. Skrini ikionyesha kuwa imekuelewa, basi kasoro iko kwenye kioo au juu yake.

Kioo kikiwa cheusi lakini muziki unaendelea, au unasikia mlio unapobonyeza, huenda ni taa ya nyuma ya skrini au waya unaopeleka picha. Kwenye giza, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa upande. Ukiona kivuli cha picha hafifu, basi picha ipo na taa ndiyo imekufa. Hiyo ni kazi ya fundi, na hakuna hatua ya kuwasha upya itakayoimaliza.

Skrini inayojizima na kujiwasha yenyewe, ikionyesha nembo kisha kurudi kwenye giza, tena na tena, inaashiria ama umeme usiotosha, ama programu iliyoharibika, ama kitu kilichochomekwa kinachoiangusha kila inapoamka. Na ile ambayo haijaganda bali inaburuta, ikijibu baada ya sekunde kadhaa, mara nyingi ina joto kali au hifadhi iliyojaa.

Sasa piga picha. Andika saa, kilomita zilizo kwenye gari, toleo la programu kama unalijua, na kilichokuwa kikiendelea: ulikuwa unachaji, umechomeka simu, ndiyo kwanza umefungua mlango asubuhi? Tatizo hili lina tabia ya kutoweka gari linapofikishwa kwa fundi. Kumbukumbu hizi ndizo zitakazokutetea. Wenye Tesla wanaweza kubonyeza kitufe cha amri za sauti na kusema "bug report". Gari huhifadhi rekodi ya hali yake kwa wakati huo, na fundi anaweza kuitafuta baadaye kwa saa na tarehe.

Hatua ya pili: safisha kioo

Hii ni kwa yule ambaye saa yake inaenda lakini mguso haufanyi kazi. Skrini za magari hutambua mguso kwa mabadiliko madogo ya chaji ya umeme kati ya kioo na ngozi. Matone ya maji, mafuta ya mikono, dawa ya kusafishia iliyokauka, glovu, na hasa plastiki ya kulindia kioo iliyoanza kubanduka, vyote huichanganya. Futa kwa kitambaa laini kilicholowana kidogo tu. Usinyunyize maji au dawa moja kwa moja kwenye kioo, kwa kuwa hujipenyeza kwenye kingo. Bandua plastiki ya ulinzi na ujaribu tena. Ukiona skrini inajibonyeza yenyewe, kana kwamba kuna kidole kisichoonekana, hata baada ya kuisafisha, tabaka la kugusa limechoka na hubadilishwa.

Hatua ya tatu: washa upya kompyuta ya skrini

Hapa ndipo wenye magari ya umeme hukosea kwa nia njema. Wanashuka, wanafunga milango, wanarudi baada ya dakika moja, na skrini bado imeganda vilevile. Sababu ni kwamba gari la umeme halizimwi kama linavyozimwa gari lenye ufunguo wa kuzungusha. Unapolifunga, kioo huwa cheusi lakini kompyuta inaweza kubaki macho kwa muda mrefu, ikihudumia programu ya simu, kamera za ulinzi, chaji au mawasiliano na mtengenezaji. Inapolala, mara nyingi hulala na kumbukumbu yake ikiwa vilevile. Kosa lililokuwemo hulala nayo na kuamka nayo.

Kwa hiyo unahitaji kuilazimisha ianze upya kabisa, na watengenezaji wameweka njia. Kwa Tesla, bonyeza na ushikilie vibonyezo viwili vya kuzungusha vilivyo kwenye usukani, kushoto na kulia kwa pamoja, mpaka kioo kiwe cheusi, kisha subiri nembo. Usiachie mapema; inaweza kuzidi sekunde 10. Model S na Model X za zamani zina skrini ya pili mbele ya dereva, na hiyo huwashwa upya kwa kushikilia vitufe viwili vilivyo juu ya vile vibonyezo.

Kwa familia ya ID ya Volkswagen, shikilia kitufe cha kuwasha na kuzima mfumo wa skrini kwa zaidi ya sekunde 10. BMW hutumia kitufe cha kuzungusha sauti: kibonyeze na ukishikilie hadi nusu dakika. Polestar 2 na magari ya Volvo yenye kitufe cha nyumbani chini ya skrini, shikilia kitufe hicho. Kwanza utaona ujumbe wa kusafisha kioo, na wengi huachia hapo wakidhani wamekosea. Endelea kushikilia mpaka kila kitu kizimike. Hyundai na Kia nyingi zina tundu dogo sana karibu na vitufe vya redio. Bonyeza ndani yake taratibu kwa ncha ya kibanio cha karatasi kilichonyooshwa.

Kama gari lako halimo humo, fungua kitabu cha gari, sehemu ya mfumo wa sauti na ramani. Ukikosa kitabu, jaribu kwanza kitufe cha sauti au cha kuwasha mfumo, ukikishikilia kwa sekunde 10 hadi 30. Hicho ndicho watengenezaji wengi walichokichagua.

Mambo matatu kuhusu hatua hii. Haifuti kitu: namba za simu, vituo vya redio na anwani zako vitabaki. Ifanye gari likiwa limesimama, hata kama mtengenezaji anairuhusu likiwa kwenye mwendo, maana utakosa kamera na spidi kwa muda. Na kama gari liko katikati ya kupokea sasisho la programu, usiiguse kabisa. Skrini inayosasishwa inaweza kukaa nyeusi kwa dakika nyingi, nayo ni nzima. Kuikatiza hapo ndiko kunakoweza kuzaa tatizo la kweli.

Baada ya nembo kuonekana, ipe dakika mbili tatu. Modemu na satelaiti ya ramani huchelewa kuliko picha. Kuhukumu kuwa "ramani haifanyi kazi" sekunde 20 baada ya kuwasha ni kuionea.

Hatua ya nne: lilaze gari zima

Ikiwa vitufe havikufua dafu, sasa lengo ni kuzifanya kompyuta zote zilale usingizi mzito. Chomoa waya wa chaji. Chomoa kila kilicho kwenye matundu ya USB. Zima kamera za ulinzi kama mguso unaruhusu, au uzime kupitia simu. Shuka, funga milango yote na buti, lifunge gari, kisha upeleke ufunguo mbali. Ukiwa kwenye begi karibu na gari, gari huendelea kuuhisi. Funga na programu ya gari kwenye simu, wala usiifungue kuangalia "limelala au bado", kwa sababu huko kuangalia ndiko kunakoliamsha.

Acha nusu saa. Magari mengi hutoa mlio mdogo wa swichi kubwa za umeme zikijifungua chini ya sakafu au mbele. Ukiusikia, mambo yanaenda vizuri.

Tesla ina njia ya mkato: kwenye menyu ya usalama kuna chaguo la kuzima umeme wa gari. Ukilichagua, kaa kimya kwenye kiti kwa angalau dakika mbili bila kukanyaga breki wala kufungua mlango, kisha kanyaga breki kuliamsha. Njia hiyo, bila shaka, inahitaji skrini inayosikia mguso.

Hatua ya tano: mshuku mgeni

Skrini imerudi? Vizuri, lakini usirudishe vitu vyote kwa pamoja. Endesha siku chache bila kifaa chochote cha USB na bila simu kuunganishwa, halafu rudisha kimoja kimoja.

Flashi yenye maelfu ya nyimbo huilazimisha kompyuta kuzisoma zote kila inapowaka, na faili moja iliyoharibika inaweza kuikwamisha hapohapo. Flashi inayorekodi picha za kamera huchakaa haraka kwa kuandikwa saa zote. Waya wa simu uliolegea hukata na kuunganisha mara nyingi kiasi kwamba mfumo wa CarPlay au Android Auto, unaoonyesha programu za simu kwenye skrini ya gari, hukwama. Kwa simu, futa uoanishaji wa Bluetooth pande zote mbili, kwenye gari na kwenye simu, kisha oanisha upya. Kufuta upande mmoja huacha kumbukumbu mbovu upande wa pili. Na kama skrini ilianza kuganda wiki ileile simu iliposasishwa, anza na simu.

Hata redio inaweza kuwa mkosaji. Mwanzoni mwa 2022, huko Seattle nchini Marekani, stesheni ya KUOW ilirusha kwenye matangazo yake ya kidijitali picha ambazo majina ya faili zake hayakuwa na kiambishi cha mwisho (kama .jpg) kinachoonyesha aina ya faili. Magari ya Mazda ya 2014 hadi 2017 yaliyokuwa yakiisikiliza yaliingia kwenye mzunguko wa kujizima na kujiwasha, na skrini zikakwama kwenye stesheni hiyo. Hayakuwa magari ya umeme, lakini tukio hilo linaonyesha jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: gari lisilo na kasoro yoyote linaweza kuangushwa na data mbaya kutoka nje. Ndiyo maana nakuomba uandike ulichokuwa ukisikiliza.

Hatua ya sita: joto, hifadhi na masasisho

Gari lililoachwa juani madirisha yakiwa yamefungwa linaweza kuwa na zaidi ya nyuzi 60 ndani, hasa juu ya dashibodi, ambako skrini hukaa. Kompyuta ikipata joto hupunguza kasi yake kwa makusudi ili isiungue, na skrini hufifia. Washa kiyoyozi kwa simu dakika kumi kabla ya kuingia, egesha kivulini, na uone kama tatizo linafuata jua. Kwenye baridi kali hali hugeuka: picha huburuta mpaka kabini ipate joto, na hilo si kosa.

Joto liliwahi kuwakuta hata watengenezaji. Mnamo Mei 2022 Tesla iliwaita wamiliki wa magari karibu 130,000 nchini Marekani kwa sababu kompyuta ya skrini haikuwa inapozwa vya kutosha wakati wa chaji ya kasi au maandalizi yake, na skrini ikaweza kuburuta au kuzimika. Dawa ilikuwa sasisho la programu lililotumwa hewani. Hapo lipo somo la moja kwa moja: kama skrini yako huganda kituoni wakati wa chaji ya kasi na si mahali pengine, angalia kwanza kama una toleo jipya la programu.

Masasisho yafanyike gari likiwa limeegeshwa, mtandao ukiwa imara na chaji ikiwa ya kutosha. Sasisho lililoishia njiani huacha mfumo nusu mpya nusu wa zamani, nao hufanya vituko. Futa pia programu na ramani usizotumia kwenye magari yanayoruhusu, maana hifadhi ikijaa pomoni mfumo hukosa pa kuandikia.

Hatua ya saba: betri ya volti 12, mshukiwa mkuu

Skrini ikiganda mara moja tu na hatua ya tatu ikaiponya, endelea na maisha yako. Ikirudia, njoo hapa.

Gari la umeme lina betri mbili. Ile kubwa, ya mamia ya volti, huzungusha mota. Ile ndogo hulisha kompyuta, makufuli, taa na skrini, na ndiyo inayoliamsha gari kabla betri kubwa haijaunganishwa. Kwenye gari la mafuta, betri ikichoka, injini huzunguka kwa shida asubuhi na dereva anaonywa. Gari la umeme halina starta ya kuzungusha, kwa hiyo betri ndogo huchoka kimyakimya. Unapofungua mlango, kompyuta nyingi huamka kwa wakati mmoja, volti hushuka ghafla, na kompyuta ya skrini, ambayo inahitaji umeme mwingi wakati wa kuwaka, hukwama katikati ya kuanza. Wakati mwingine hukatikiwa na umeme ikiwa inaandika faili, na faili hiyo huharibika.

Dalili zake zina mpangilio wa kutambulika. Skrini huganda zaidi asubuhi, au baada ya gari kuegeshwa siku kadhaa, na huwa safi baada ya mwendo mrefu au chaji ya usiku kucha. Maonyo yasiyohusiana hutokea kwa pamoja: breki, usukani, mkanda, kamera, kisha yote yanatoweka. Makufuli hujibu kwa kusitasita. Ukiona hayo pamoja na betri yenye miaka mitatu hadi mitano, nina hakika zaidi na betri kuliko na skrini.

Kupima hakuhitaji ufundi mkubwa, bali mita ya umeme ya kawaida na subira:

1. Tafuta betri ilipo kwa kitabu cha gari. Inaweza kuwa mbele, kwenye buti au chini ya kiti.
2. Fungua njia ya kuifikia, kisha liache gari lifungwe na kulala saa kadhaa. Ukipima mara tu baada ya kufungua mlango, unapima gari lililoamka.
3. Weka mita kwenye volti za mkondo wa moja kwa moja, kipimo cha 20. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi.
4. Soma. Betri ya asidi na risasi yenye afya husoma kama 12.6 au zaidi ikiwa imetulia. Karibu 12.2 ina nusu ya chaji. Chini ya 12 imeishiwa, na kama huishiwa mara kwa mara, imechoka.
5. Liwashe gari liwe tayari kuendeshwa na upime tena. Sasa inapaswa kusoma 13 na kitu au 14 na kitu, kwa sababu kibadilishi cha umeme kinaijaza kutoka betri kubwa. Ikibaki 12 na kitu, huenda kibadilishi hakifanyi kazi, na betri mpya haitakusaidia.

Tahadhari mbili. Tesla za kuanzia 2021 na baadaye nyingi zina betri ndogo ya lithiamu inayokaa kwenye volti 15 hadi 16, kwa hiyo namba zilizo hapo juu hazihusiki nazo. Na nyaya za rangi ya chungwa, popote utakapoziona, zina umeme wa volti 400 au hata 800. Usiziguse, usizisogeze, usiweke spana juu yake. Umeme huo unaua.

Ukibadilisha betri, nunua ya aina ileile iliyotajwa na mtengenezaji. Baadhi ya magari yanataka betri mpya isajiliwe kwa kompyuta ya fundi ili ijazwe ipasavyo.

Hatua ya nane: kukata umeme wa betri ndogo

Wengi huanza na hatua hii. Mimi naiweka karibu na mwisho, na kwa baadhi ya magari nisingeigusa bila kitabu mkononi, kwa kuwa utaratibu wa kukata umeme hutofautiana. Inasaidia pale kompyuta ya skrini imekwama kiasi cha kutosikia vitufe na hailali.

Kabla hujaanza, fikiria makufuli. Magari mengi ya umeme hufungua milango, boneti na buti kwa umeme. Ukikata umeme kisha boneti ikajifunga juu ya betri, umejifungia nje. Acha dirisha moja wazi, zuia boneti isifunge, na uwe na ufunguo wa chuma kama upo. Waya wa chaji uwe umechomolewa, gari liwe limezimwa na kulala. Toa kichwa cha hasi kwanza, kiweke mbali kisirudi kugusa, subiri dakika 10 hadi 15, kisha kirudishe na ukikaze barabara. Kichwa kilicholegea au chenye ukungu wa kijani na mweupe ni chanzo tosha cha skrini kuganda, kwa hiyo kisafishe ukiwa hapo.

Baada ya hapo tarajia saa kupotea, madirisha kuhitaji kufundishwa upya kwa kuyapandisha na kuyateremsha mpaka mwisho, na taa za maonyo kuwaka kwa mwendo wa kwanza.

Kuchomoa fyuzi ya skrini ni mbadala mwepesi zaidi pale ambapo mchoro wa fyuzi unaitaja waziwazi. Gari likiwa limezimwa, ichomoe, subiri dakika chache, irudishe. Usichomoe kwa kubahatisha.

Hatua ya tisa: kufuta kila kitu

Kurudisha mfumo kama ulivyotoka kiwandani hufuta akaunti, wasifu wa dereva, simu, anwani na, kwenye baadhi ya magari, funguo zilizo kwenye simu. Hakikisha una kadi au ufunguo halisi mkononi na unayakumbuka maneno ya siri ya akaunti. Nenda nayo tu ikiwa skrini inawaka lakini inaganda kila siku, umeshasasisha programu, na betri ndogo imepimwa ikaonekana nzima.

Pale ambapo kifaa chenyewe kimekufa

Ipo hali ambayo hakuna hatua hata moja kati ya hizi itakayoitibu: hifadhi ya ndani iliyochakaa. Chipu za kumbukumbu huweza kuandikwa na kufutwa idadi fulani ya mara, kisha basi. Model S za 2012 hadi 2018 na Model X za 2016 hadi 2018 zilikuwa na hifadhi ya gigabaiti 8 tu, na mfumo ulikuwa ukiiandika kila gari linapotumika. Ikachakaa. Skrini zikaanza kuburuta, kisha kujizima na kujiwasha, kisha zikafa, pamoja na kamera ya nyuma, udhibiti wa kuondoa ukungu na milio ya indiketa. Shirika la usalama barabarani la Marekani, NHTSA, liliishinikiza kampuni, na mwanzoni mwa 2021 magari karibu 135,000 yaliitwa kubadilishiwa kifaa.

Mwendo wa ugonjwa huo ndio wa kukumbuka: skrini inayochelewa kuwaka mwezi hadi mwezi, kuwasha upya kunakosaidia kwa siku, halafu kwa saa, halafu kutosaidia. Ukiuona, hifadhi nje kila unachokihitaji ukiwa bado unaweza kugusa, na uingize namba ya chasisi kwenye tovuti ya mtengenezaji au ya mamlaka ya usalama barabarani kuona kama gari lako limeitwa kwa matengenezo ya bure. Wito wa usalama hauishi kwa sababu tu dhamana ya kawaida imeisha, na anayenunua gari lililotumika anapaswa kuuangalia kabla ya kulipa.

Kwa fundi, usiseme "skrini inasumbua". Mwambie dalili ipi kati ya zile za mwanzo, tarehe na saa, volti ulizosoma, na hatua ulizojaribu kwa mpangilio. Mwombe asome makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta zote za gari, si ya skrini peke yake, kwa kuwa kosa la umeme mdogo huandikwa kwenye kompyuta nyingi kwa dakika ileile, na hilo humwonyesha tofauti kati ya skrini mbovu na betri mbovu. Akipendekeza kubadilisha skrini nzima, muulize kama kasoro iko kwenye kioo au kwenye kompyuta iliyo nyuma yake. Kwenye magari mengi hivyo ni vifaa viwili tofauti, na bei zake hazifanani.

Ukirudishiwa gari, kabla hujatoka hapo weka gia ya nyuma uone kamera inafunguka mara moja, washa hewa ya kuondoa ukungu, sikiliza indiketa, piga simu moja, kisha lifunge, lilaze nusu saa na uliamshe tena mbele ya fundi.